Unataka tovuti ya biashara? Soma hapa kabla hujampa fundi advansi (Mbeya, Iringa, Njombe karibuni)

MwanaMafiati

Wakuu, habari za muda huu.

Nimeona nianzishe uzi, maana maswali haya naulizwa kila siku na nimechoka kuyajibu kwa voisi za WhatsApp. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, nipo hapa Mbeya mjini. Wateja wangu ni watu wa kawaida wa Nyanda za Juu Kusini: wauza mchele, wenye lodge, watu wa mbao kutoka Mafinga, wa parachichi wa Njombe na Rungwe, na watembeza watalii.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tovuti nyingi za huku hazikwami kwa fundi. Zinakwama kwa sababu mwenye biashara akishatuma advansi anaona yake yameisha, anakaa kusubiri linki. Kumbe hapo ndiyo kwanza kazi yake inaanza. Ule mwezi wa mwanzo mimi fundi nina mambo machache ya kufanya, mwenye mali ndiye ana mengi. Na mengi hayo hayahitaji ujue kompyuta.

Chukua muuza mbao. Anakuja na simu mkononi, ananionyesha tovuti ya duka kubwa la Marekani. "Nataka kama hii." Ina video juu, ina kikapu cha manunuzi, vitu vinaruka huku na huku. Sawa bosi. Kabla ya yote namwomba afungue WhatsApp ya biashara tusome pamoja meseji za wateja za karibuni. Mmoja: "2x4 futi 12 bei gani". Mwingine: "zimetiwa dawa au kavu tu". Mwingine yuko Dodoma, anauliza usafiri ni juu ya nani. Kuna anayetaka 1x8 zilizopigwa randa. Kuna aliyetapeliwa na dalali, huyu hataki kusikia bei kwanza, anataka kujua yadi iko wapi ili amtume shemeji yake akaione kwa macho.

Hapo tovuti imeshajiandika. Ukurasa mmoja una jedwali la vipimo, sentensi mbili tatu kuhusu dawa, maelezo ya usafiri, ramani ya kufika yadi, picha ya yadi yenyewe na mtu amesimama mbele ya mbao zake, na namba ya simu. Katika meseji zote zile hakuna mteja aliyeuliza "dira na dhamira yenu ni ipi". Lakini hicho ndicho kitu cha kwanza watu wanachonitumia, tena kurasa mbili nzima, kimenakiliwa kwa jirani hadi jina la jirani limesahaulika mle ndani.

Kwa hiyo zoezi la kwanza: kaa na simu yako, andika maswali yanayojirudia, yajibu kwa maneno yale yale unayomjibu mteja dukani. Usiandike Kiswahili cha hotuba. Kama wanunuzi wako wako nje ya nchi, andika kwanza kwa Kiswahili chako halafu tafuta mtu anayejua Kiingereza vizuri akutafsirie.

Picha. Hapa ndipo pagumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu picha zina msimu. Anayepeleka wageni Hifadhi ya Kitulo akianza tovuti mwezi wa saba hana kitu cha kupiga, ni baridi na majani makavu. Maua yanaanza kuchanua kuelekea Desemba mpaka Aprili hivi. Sasa atafanya nini? Anachukua picha za mtandaoni za maua ya nchi nyingine! Mgeni anayejua mimea anacheka na kuondoka. Vivyo hivyo mtu wa mpunga Mbarali au Kyela: shamba la kijani halipo mwaka mzima. Kama unajua mwakani utataka tovuti, anza kupiga picha sasa, mchana, dirisha likiwa nyuma ya mpigaji, zihifadhi mahali. Simu ya kawaida inatosha.

Jambo la tatu ni msemaji. Chagueni MTU MMOJA anayeongea na fundi. Nimeshakaa kwenye grupu la WhatsApp lenye mkurugenzi, mke wake, mhasibu, na mtoto aliyeko chuo. Baba anataka kijani, mama anasema kijani ni chama cha siasa, mtoto anatuma linki za tovuti za magari. Fundi anabadilisha mara tatu na kila mmoja amenuna. Bishaneni huko nyumbani, jibu likija kwangu liwe moja.

Nne, na hii naomba muisome mara mbili: jina la tovuti ni mali yako, lisajiliwe kwa jina lako. Domeini, iwe .co.tz au .com, sehemu ya mmiliki iandikwe wewe au kampuni yako, barua pepe yako, simu yako. Fundi anaweza kukusaidia kujaza, lakini akaunti iwe yako na nywila unayo. Tena barua pepe hiyo isiwe ya domeini hiyo hiyo. Watu hawafikirii hili: domeini ikiisha muda, barua pepe zake nazo zinakata, na taarifa ya kukukumbusha ulipie inatumwa kwenye anwani iliyokwisha kufa. Tumia Gmail ya kampuni kwa kusajilia.

Mengine nitajibu mkiuliza.

Kyela_Original

Natia nanga hapa. Lete nondo mkuu.

MzeeWaUyole

Wanangu, mimi nauliza bila kumkwaza mtu. Siku hizi Instagram ipo, WhatsApp ya biashara ipo bure, unaweka picha na bei watu wanapiga simu. Hii tovuti ya kulipia kila mwaka ni ya nini kama siyo kuwapa vijana ulaji?

MwanaMafiati

Shikamoo mzee wangu.

Una haki kabisa. Mwenye genge Mwanjelwa au Soweto, ambaye wateja wake wanapita mbele ya meza yake, hahitaji tovuti, na akija kwangu namrudisha. Anayeihitaji ni yule ambaye mnunuzi wake hamjui. Afisa manunuzi wa taasisi anayetafuta mbao au mchele wa kulisha shule anataka kuona kampuni ina anwani, ina barua pepe yenye jina lake na siyo ile ya jina la utani na tarakimu nane. Mtalii aliyeko Ujerumani anayepanga kwenda Ruaha anatafuta Google miezi kabla ya kupanda ndege. Mnunuzi wa parachichi wa nje naye hivyo hivyo. Hawa hawafuati kurasa zetu za Instagram.

Pia ukurasa wa mtandao wa kijamii ukifungiwa au ukidukuliwa, huna pa kwenda kudai haraka. Domeini yako ukiilipia na nywila unazo, unaihamisha kwa fundi mwingine na kazi inaendelea.

MzeeWaUyole

Marahaba. Sasa hapo nimekuelewa. Endelea.

LodgeIringa

Asante kaka kwa uzi. Mimi nina lodge ndogo Iringa, wageni wangu wengi wanalala siku moja wakielekea hifadhini au wakitoka. Fundi wangu anasema tuanze moja kwa moja na mfumo wa mgeni kuchagua chumba na kulipia kwa kadi. Bei yake imenishtua. Ni lazima?

MwanaMafiati

Kamwene dada. Si lazima, na kwa kuanzia nakushauri usifanye.

Sababu ni hii: mfumo wa kubuku unataka mtu wa mapokezi aufungue kila mara. Mgeni akipiga simu akapewa chumba namba 4 kwa mdomo, na kwenye mfumo chumba kile kinaonekana wazi, usiku mmoja watagongana wawili mlangoni na mabegi. Uliza kwanza mapokezi yako yanatunza daftari vipi. Kama daftari lenyewe linapotea potea, mfumo hautatunzwa.

Anza na kurasa nne tu: vyumba na bei, namna ya kufika (andika umbali kutoka stendi ya Igumbilo na nauli ya bajaji, wageni wanaotoka Dar usiku wanataka hicho), mambo ya karibu kama Isimila na Kalenga, na fomu ya kuuliza nafasi. Pembeni weka kitufe cha WhatsApp. Linki yake inaandikwa wa.me/255 ikifuatiwa na namba yako bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Wengi wanaweka 07, na mgeni wa nje akibonyeza haifiki kokote.

Kuhusu ile fomu: ukikusanya majina, simu na namba za pasi za watu, unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kuna Tume yake, na wakusanyaji wa taarifa wanatakiwa kujisajili. Kwa hiyo usiombe usichokihitaji. Jina, tarehe, idadi ya watu na mawasiliano vinatosha, pasi utaiona akifika.

Na maji moto! Andika kama yapo. Iringa mwezi wa sita hilo ndilo swali.

LodgeIringa

Hahaha, kila mgeni analiuliza kweli. Ahsante, nimeelewa.

FundiMwenzako

Mkuu MwanaMafiati umewatetea wateja sana, ngoja na mimi niseme upande wetu. Mteja anakupa nusu ya hela, unajenga, unampandishia, anasema "nzuri, nitakutafuta jioni". Jioni hiyo haiji. Ndiyo maana sisi wengine tunashikilia domeini mpaka hela iishe. Ukimwachia kila kitu utamdai na nini?

MwanaMafiati

Nakuelewa ndugu yangu, na mimi najua uchungu wa hiyo jioni. Lakini jina la biashara ya mtu usilifanye rehani. Shikilia kazi yako, jina lake mwachie.

Namna ninavyofanya: tovuti najenga sehemu ya majaribio, kwenye anwani ya pembeni yenye nywila. Mteja anaiona, anaikagua, anabonyeza kila kitu. Haihami kwenda kwenye domeini yake mpaka malipo ya hatua hiyo yaingie. Hela nagawa mafungu matatu: ya kuanzia, ya pale anapokubali mwonekano akiwa na maneno na picha zake halisi mle ndani, na ya mwisho siku ya kuhamisha. Asipolipa, domeini yake anayo na kazi yangu ninayo. Hakuna aliyemteka mwenzake.

Na yote yanaandikwa kwenye karatasi moja inayosainiwa: kurasa ngapi, nani analeta maneno na kwa tarehe gani, marekebisho raundi ngapi, hostingi (mahali faili za tovuti zinapokaa) ya mwaka wa pili analipa nani, bakapu inakaa wapi. Andika pia kwamba maneno yasipoletwa ndani ya muda fulani mradi unasimama na foleni inaanza upya. Hicho kipengele kimeniokoa kuliko vyote.

FundiMwenzako

Hiyo ya foleni kuanza upya naiba leo leo. Ya domeini bado nabisha kidogo, ila hoja yako ina mashiko.

ParachichiNjombe

Wakuu, mimi yamenikuta. Kijana mmoja alitutengenezea tovuti ya kikundi chetu, domeini akasajili mwenyewe. Sasa hapokei simu na tovuti imeondoka hewani. Tunaanzia wapi? Tumeshachapisha lile jina kwenye maboksi.

MwanaMafiati

Pole sana mkuu. Kwanza jua jina limesajiliwa kupitia kampuni gani. Kama linaishia na .tz, tovuti ya wasimamizi wa majina ya .tz ina sehemu ya whois (daftari la kuangalia jina limesajiliwa wapi), andika jina lako utaona msajili na tarehe ya kuisha. Kwa .com nazo whois zipo nyingi. Ukishamjua msajili, waandikie rasmi mkiambatanisha cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na nyaraka za kikundi, eleza kwamba jina ni lenu na mliyempa kazi hapatikani. Tafuta pia risiti ya malipo mliyomtumia, hata meseji ya muamala kwenye simu. Kama limeandikwa jina lake mwenyewe itakuwa safari ndefu, nisikufiche.

Angalia tarehe ya kuisha. Huenda tovuti haiko hewani kwa sababu tu hostingi haikulipiwa na domeini bado iko hai. Hizo ni bili mbili tofauti na watu wanazichanganya: domeini ni jina, hostingi ni mahali faili zinapokaa kwenye seva.

Wakati mnahangaika, msichapishe maboksi mapya yenye anwani hiyo. Wekeni simu.

ParachichiNjombe

Ubarikiwe. Kesho naanza na hiyo whois.

BintiMwanjelwa

Samahani naingilia. Mdogo wangu yuko MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya), anasema atanitengenezea bure kwa WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti. Nimwachie? Halafu kuna mwingine alinitajia gharama za "SSL" kama kitu cha pekee, ile alama ya usalama. Inalipiwa?

MwanaMafiati

Mdogo wako mwachie, WordPress yenyewe ni bure na ipo tangu 2003, siyo kitu cha kubahatisha. Ila muandikishane kama wageni. Ya bure huwa inafanywa baada ya mitihani, halafu baada ya likizo, halafu baada ya mitihani.

Mwambie mambo mawili. WordPress ina kisanduku kwenye mipangilio ya usomaji kinachoiambia Google isiorodheshe tovuti. Wakati mnajenga akitie tiki, ili mteja asikute ukurasa umejaa maneno ya Kilatini ya kujazia. Siku ya kufungua akitoe. Nimeletewa tovuti nzuri kabisa ambayo "Google haiioni", tatizo lote lilikuwa kile kisanduku. Pili, asipakie plagini (vile vipande vya kuiongezea WordPress kazi) kama anapanga karanga. Kila moja ni mlango, na isiyosasishwa ndiyo wanayoingilia wezi.

SSL, yaani cheti kinachoficha mawasiliano ya mteja na tovuti na kuifanya anwani ianze na https: ipo ya bure, inaitwa Let's Encrypt, na kampuni nyingi za hostingi wanakuwekea bila malipo ya ziada. Cheti chake ni cha muda mfupi lakini hujihuisha chenyewe kikipangwa vizuri. Lazima uwe nayo, maana Chrome tangu Julai 2018 inamwonya mteja kwamba tovuti isiyo na https si salama. Fundi anaweza kukutoza ufundi wa kuiweka, hilo mkubaliane. Akikwambia cheti ndicho kina bei kubwa, muulize ni cha aina gani na kwa nini duka lako linakihitaji hicho.

Kyela_Original

Mkuu nanga imeng'oka, nina swali. Mimi nauza mchele, bei inabadilika kila wiki. Niweke bei kwenye tovuti au niandike "piga simu"?

MwanaMafiati

Weka, ila na tarehe. "Bei ya jumla kwa kilo, imewekwa Jumatatu tarehe fulani." Na mtu wa kuibadilisha ajulikane kwa jina kabla tovuti haijafunguliwa, afundishwe aibadilishe mwenyewe kwa simu. Kama huna mtu huyo, bora uandike "piga simu", kwa sababu bei ya miezi mitatu iliyopita inaleta ugomvi: mteja anapiga picha ya skrini anakuja nayo mpaka ghalani.

Hili uliamue mwanzoni kabisa, maana linabadilisha jinsi ninavyojenga ule ukurasa. Mtu akiniambia mwishoni nabomoa.

Kyela_Original

Mtu ninaye, binti yangu. Ndaga fijo.

LodgeIringa

Kaka nimerudi. Nimepiga picha za vyumba leo, nimemtumia fundi kwa WhatsApp, anasema zimefifia, nipige tena. Kwenye simu yangu ziko safi kabisa!

MwanaMafiati

Usipige tena dada. WhatsApp ikituma picha inaiminya. Nenda sehemu ya kuambatanisha, chagua dokumenti badala ya picha, halafu tafuta zile zile. Zitakwenda na ukubwa wake wote.

Yeye fundi ndiye atakayezipunguza kabla ya kuzipandisha. Picha ya simu ina megabaiti kadhaa, kwenye ukurasa haitakiwi kuzidi kilobaiti mia mbili hivi, la sivyo mgeni aliyeko njiani kwenye mtandao wa kusuasua ataona duara linazunguka tu. Na zipe majina kabla ya kutuma, chumba cha watu wawili, bafu, maegesho, ili asije akaweka jiko kwenye ukurasa wa vyumba.

LodgeIringa

Zimefika. Anasema sasa ziko sawa, ila anauliza ile ya maegesho mbona kuna mbuzi.

MwanaMafiati

Hiyo piga tena.